Wimbo wa Sita na Glasi ya Mwisho

Musili hakuwahi kumeza tone la mvinyo, na ndiye aliyeujua mvinyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Mimi nilikuwa mpishi katika mkahawa mmoja wa ghorofani, katikati ya jiji la Nairobi, na yeye alikuwa mhudumu wa mvinyo. Kwao ni watu wa kanisa lisilotaka hata harufu ya pombe. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa huko Ukambani, na Musili alikuwa amemwambia kwamba anashughulika na vinywaji, mzee wa watu akadhani ni chai na soda.

Sharti alilojiwekea lilikuwa moja tu: aonje, ateme. Alikuwa akija jikoni na kikombe cha bati, anauzungusha mvinyo mdomoni kama mtu mwenye jino bovu, kisha anautema kwenye sinki yangu, pale pale nilipotoka kuoshea mboga. Tuligombana juu ya sinki hiyo kwa miaka mitatu. Lakini akishatema alikuwa anasema maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Huu umelala kwenye mbao muda mrefu, utauonja kama moshi. Huu una haraka, wape vijana. Nami ninayejua tu kwamba pombe ni pombe nilikuwa nikionja baadaye, kisirisiri, na kumkuta hajakosea.

Kitu cha pili alichokijua Musili ni kanda moja ya kaseti.

Ilikuwa ya Mzee Zadock. Kama ulikuwa na runinga nchini miaka ya themanini, au jirani yako alikuwa nayo, ulimjua, ila si kwa jina hilo. Ulimjua kama Kizibo, yule mlevi wa kipindi cha vichekesho, mwenye koti refu na kwikwi, aliyekuwa akigongana na mlango na kuuomba mlango msamaha. Kumbe Zadock mwenyewe hakuwa mlevi, na alikuwa anaimba. Mwaka wa themanini na nane alirekodi nyimbo sita kwa gitaa moja, nyimbo za huzuni tupu. Mwenye studio akaona huzuni haiuziki, akampiga picha ya kasha akiwa na lile koti na chupa mkononi. Watu wakainunua River Road wakitarajia kucheka. Walipofika nyumbani wakakuta mtu analia, wakairudisha dukani kwa hasira. Babake Musili naye aliinunua ili acheke, akasikiliza nusu wimbo, akamtupia mwanawe. Mtoto akaisikiliza karibu miaka ishirini, akiirudisha nyuma kwa kalamu ya wino ili asimalize betri.

Mwaka wa 2006 Musili aligundua kwamba Mzee Zadock anaishi Dagoretti Corner, chumba kimoja nyuma ya maduka, anaumwa sukari na macho yanafifia. Musili alikuwa amepanga Mutuini, si mbali. Akaanza kumpitia kila Jumapili akitoka kanisani, na mkate na maziwa. Akawa anarudi kazini Jumatatu uso umemeremeta kama aliyetoka kuposa.

"Wanjira, unajua ule wimbo wa sita ni wa nini?" aliniuliza siku moja nikikatakata vitunguu.

"Nitajuaje na kanda yako unaificha kama dhahabu?"

Akanieleza. Mzee Zadock alikuwa na binti wa miaka saba. Siku mtoto alipokufa hospitalini, yeye alikuwa studio ya runinga anacheza Kizibo. Ujumbe ulifika mapema, lakini mkubwa wa kipindi aliufungia mfukoni hadi wamalize kurekodi. Watu walicheka saa nzima, na baba wa marehemu ndiye aliyekuwa anawachekesha. Wimbo wa sita ulikuwa unaitwa "Nilikuwa Kazini". Kwa miaka kumi na minane Mzee hakuwahi kumwona mtu mwingine, zaidi ya Musili, aliyeusikiliza hadi mwisho.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Meneja wetu, Janice, alikuwa anatafuta kitu cha kujaza mkahawa Jumamosi mchana, watu wa ofisi wakitoka kazini. Musili akampelekea karatasi: nyimbo sita, mvinyo sita, kila wimbo na glasi yake, na mwimbaji mwenyewe ameketi pale mbele. Wimbo wa kwanza, wa mtu anayengoja barua, aliuoanisha na mvinyo mweupe mkavu. Wa tatu, wa mji alikozaliwa, aliupa mvinyo wa mapapai, ule wa hapa kwetu, watu wapende wasipende. Wa tano ulipewa mwekundu mzito wa Afrika Kusini. Wa sita aliupa mvinyo mtamu wa rangi ya asali. Nilimuuliza kwa nini mtamu na wimbo wenyewe ni wa kifo cha mtoto. Akasema wimbo mchungu ukiupa mvinyo mchungu unamwonea msikilizaji.

Janice alikubali haraka, kwa sababu ya jina la Kizibo. Aliongeza jambo moja tu: glasi zijazwe. "Sitaki kastoma waniambie tunawaonjesha kama watoto. Mtu wa Nairobi akilipa anataka kuona kitu kwa glasi." Musili hakubisha. Kwa nini abishe? Mtu ambaye kila glasi yake iliishia kwenye sinki angejuaje glasi ya nne inamfanya nini binadamu?

Mimi nilijua. Nimezaliwa Kinoo, kwa baba aliyekunywa hadi akatuuzia ng'ombe. Hata wazee wetu kwenye ruracio, mazungumzo ya mahari, neno zito wanalisema mapema, mdomo ungali mkavu. Niliiona ile karatasi imebandikwa kwenye friji, nikauona wimbo wa mtoto umewekwa chini kabisa.

"Huo wa mwisho ungeuanza," nikamwambia.

"Wanjira, mtamu huja mwisho. Ukianza na mtamu, zingine zote zitaonekana siki."

"Haya. Mwenye ujuzi ni wewe."

Nikageukia sufuria zangu. Nilikuwa nimenuna kwa sababu alikuwa amekataa sambusa zangu, akidai pilipili itaua ladha. Kwa ajili ya sambusa nilinyamaza, na hilo sijajisamehe.

Mzee Zadock hakutaka kuja. Alimwambia Musili amezoea kutosikilizwa, aachwe na mazoea yake. Musili akambembeleza Jumapili tatu. Mwishowe Mzee akasema, "Kijana wangu, hizo tano wazipigie kelele wakitaka. Ukiniahidi huo mmoja watausikiliza hadi mwisho, nitakuja." Musili akaahidi. Aliahidi akiwa amesimama, kofia mkononi, ndivyo alivyonisimulia mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Mkahawa ulijaa hadi kwenye ngazi. Mzee aliketi mbele na glasi ya maji, amevaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi hadi inang'aa, mikono magotini. Musili aliileta ile redio yake ya kaseti kutoka Mutuini, akaiweka juu ya meza na kitambaa cheupe.

Wimbo wa kwanza, nakuapia, ulikuwa kama kanisani. Hata mimi niliacha jiko nikasimama mlangoni. Mama mmoja alifuta macho. Mzee aliinua kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali na hana hakika. Wa pili, bado wametulia. Kwenye wa tatu mapapai yakawafanya wataniane, na si vibaya. Kwenye wa nne mtu akapiga kelele, "Kizibo, anguka kidogo!" Wa meza yake wakapasuka kwa kicheko. Kwenye wa tano kelele zilikuwa juu ya gitaa, viti vinavutwa, mtu anaongea na simu. Niliuona uso wa Musili. Alikuwa anawaangalia wale watu kama mgeni aliyeingia nyumba siyo. Kweli kabisa hakuelewa wametoka wapi, na wale wa wimbo wa kwanza wamekwenda wapi.

Akamimina wa sita mwenyewe, meza kwa meza. Kisha akainua mkono.

"Ndugu zangu, huu tunaomba tuusikilize hadi mwisho."

"Amina, mchungaji!" mtu akajibu, na mkahawa mzima ukaangua kicheko.

Akabonyeza redio. Gitaa likaanza polepole. Kwenye ubeti wa pili, pale Mzee anapotaja jina la mtoto, sauti yake kwenye kanda inakatika. Ndivyo ilivyorekodiwa, hakuweza kuirudia. Na ule mkatiko, Mungu anisamehe, ulikuwa ni ile kwikwi ya Kizibo hasa, ile waliyoisikia wote tangu utotoni. Walicheka kwa furaha, bila ubaya wowote. Walikuwa wanamshukuru.

Mzee Zadock aliwatazama. Akageuka akamtafuta Musili, hakumwona kwa yale macho yake. Kisha akasimama, akaichukua ile glasi ya mvinyo wa rangi ya asali aliyokuwa amewekewa mbele yake, akalegeza tai, na palepale akawa Kizibo. Akayumba hadi kwenye nguzo. Akaigonga. Akaiomba nguzo msamaha, akaiuliza jina, akaisalimia kwa mikono miwili kwa heshima zote, akaikaribisha glasi. Watu walilala juu ya meza. Na nyuma yao redio inaendelea kuimba, baba anamwambia mtoto kwamba alikuwa kazini, hadi kanda ikafika mwisho na kujizima.

Na mimi nilicheka. Nasema wazi. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikacheka hadi mbavu zikauma, kwa sababu yule mzee alikuwa fundi. Nilipomtazama Musili alikuwa amenipa mgongo, mabega yanatikisika, nikajua analia, nikaona aibu.

Walimpigia Mzee makofi wamesimama. Janice alikuja akimeremeta. "Musili, mwezi ujao tunarudia. Na umwambie avae ile koti." Mzee alisindikizwa hadi chini kwenye teksi. Nilikuwa nimembebea sambusa kwenye mfuko. Akamshika Musili bega akasema, "Wamefurahi, kijana wangu. Si kitu kidogo hicho." Hakumtazama alipokuwa anasema.

Jumapili iliyofuata Musili hakwenda Dagoretti Corner, wala ile iliyofuata. Nilimuuliza, akasema ana kazi za kanisa. Mwezi wa tatu redio ya jikoni ikatangaza kwamba Kizibo amefariki, na baada ya tangazo wakapiga ile kwikwi yake kama kumbukumbu. Vijana wa jikoni walitabasamu, wakasema pole, maskini, alituchekesha huyo.

Musili alivua aproni. Akatoa kanda mfukoni, imefungwa pamoja na kalamu ya kuirudishia nyuma, akaiweka mbele yangu kwenye ubao wa kukatia nyama.

"Kaa nayo," akasema.

"Ya nini? Wewe ndiye uliyeipenda."

"Wanjira, siku ile sikuwa nalia."

Nilimwangalia. Alikuwa amekishika kikombe chake cha bati, kitupu.

"Alipoiuliza ile nguzo jina nilicheka. Nilicheka kama wao. Halafu akageuka, nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akaniona. Hao wengine angewasamehe, kuwachekesha ilikuwa kazi yake. Lakini mimi aliniona."

Aliacha kazi kabla ya Pasaka. Nasikia yuko kwao, anauza mbegu na dawa za mifugo. Sijui kama bado anaweza kuonja kitu na kukuambia kilitoka wapi.

Kanda iko kwangu Kinoo, kwenye kabati la unga, pamoja na ile kalamu. Redio ya kaseti ninayo. Nimeuweka wimbo wa sita mara nne sasa, mchana, nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, nikiwa nimeapa kuufikisha mwisho. Mara zote nne nimeuzima kwenye ubeti wa pili, pale sauti inapokatika na mimi nasikia kicheko kikinijia.