Mpira wa Kocha Katikati ya Ndizi za Mavuno

Najua mtanicheka, basi chekeni tu, maana wajukuu zangu wamekwisha kunicheka mpaka wamechoka, lakini Jumapili ile, enzi za Mwingereza, mimi kepteni wa timu ya shule nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na chanzo chake ni jogoo.

Shuleni kwetu, huku juu Meru, tulikuwa na mwalimu Mmarekani tuliyemwita Kocha. Kwao alikuwa amefundisha vijana wa chuo kikuu, miaka mingi, mpira ule wa kukimbia nao mkononi (umechongoka huku na huku kama papai), na mwaka waliochukua kombe vijana wake wote waliandika majina yao kwenye mpira mmoja. Akaacha yote, akaja kutufundisha hesabu na mpira wa miguu, ambao sheria zake tulimfundisha sisi! Lakini mbio alitukimbiza, wee acha tu. Mpira ule wa majina aliupenda kuliko kitu chochote alichokuja nacho, na mimi ndiye niliyeaminiwa kwenda nao nyumbani kuupaka samli ngozi isikauke.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno. Mama akaniambia, "Jogoo wako ndiye sadaka yako." Jogoo wangu! Nikamfungia stoo, nikasema ametoroka, nikaondoka na mpira kwapani ili niwaringie vijana wa kijiji cha Kikwe waliokuwa wanasali kwetu siku hiyo. Mlangoni watu wamebeba mikungu na madebe ya mahindi, mzee wa kanisa akanikodolea macho. "Hiyo ndiyo sadaka, mwanangu? Haya, peleka mbele." Nyuma wananisukuma, Mama ananitazama, nami (mjinga wa kutupwa!) nikaupeleka, nikauweka katikati ya ndizi, nikajiambia nitauchukua baadaye.

Kumbe baadaye ndiyo mnada, sadaka zote zinauzwa pale pale kanisani. Mzee akauinua, "Kibuyu cha ngozi hiki, nani anakitaka?" Kocha akasimama, uso mwekundu, akataja bei. Lo! Akina mama walipoona Mzungu anakitaka wakajua ni kitu cha maana, bei ikapanda mpaka Kocha akaishiwa, akakaa. Akakipata bibi mmoja mjane wa Kikwe, kwa hela yake ya maharage, naye akasema, "Namzawadia kijana aliyekitoa. Wenye moyo huu ni wachache." Vigelegele! Nikasimamishwa mbele ya kanisa zima, na Kocha naye akapiga makofi, polepole, akiniangalia. Nilijua ukepteni umekwenda.

Kesho yake nikampelekea mpira nikilia. Hakuupokea.

"Kepteni," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "ulipewa mbele ya watu. Rudisha mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani, mpira kwapa hili, jogoo kwapa lile, nikasema yote, na jogoo (hana adabu yule) akawika katikati ya maungamo, watu wakaangua kicheko, hata mchungaji. Bibi wa Kikwe tu hakucheka. Nikamkabidhi Kocha mpira wake, kisha nikampigia bibi magoti, "Shikamoo bibi, nisamehe, jogoo huyu ni wako." Akampokea, akampapasa kifua. "Marahaba. Huyu ndiye ungemleta tangu mwanzo."

Tangu siku ile sadaka yangu hufika ya kwanza, na ni mali yangu mwenyewe, nimeapa.

Kocha alirudi kwao mwaka uliofuata, na mpira wake akaondoka nao, ndivyo ilivyostahili. Alipopanda gari akapunga mkono, akaita, "Kepteni!" Mpaka leo, na uzee huu, nikipita pale uwanjani nikasikia watoto wanamwita kepteni wao, nageuka.