Nilitambua bottom ya hisa zangu, na bado niliuza

Wakuu, habari za mchana.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikaandika tena. Leo nauacha ubaki. Sina kozi ya kuuza wala group ya kuwaalika, na yote nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe. Nimechoka tu kusoma humu watu wakiulizana bottom ya soko, yaani pale bei inapofika chini kabisa, inajulikanaje.

Inajulikana. Shida yangu haikuwa hiyo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana Awendo. Kazi yangu kubwa ni trela za kubeba miwa. Nyumbani kwetu ni upande wa Asumbi, kule Homa Bay, ambako mzee wangu alikuwa akiishi. Kwa miaka mingi, kila nikipata kitu cha ziada nilikuwa nanunua hisa za benki kidogo kidogo kwa simu. Mke wangu, Mama Otieno, aliziita ng'ombe zangu za hewani.

Hizo hisa zilikuwa na kazi moja tu: kuanzisha boma langu.

Kwa wasio Wajaluo, nieleze. Kwetu mwanaume haishi kwa boma la baba yake hadi uzee. Siku ikifika anatoka kwenda kuanzisha dala, yaani boma lake, na wa kumtoa ni baba. Mnaenda alfajiri, wewe na jogoo, kijana wako wa kwanza na shoka, mke na moto. Baba anaonyesha mahali, nguzo ya kwanza inasimama, na nyumba iishe siku hiyo hiyo mlale ndani.

Baba akiwa ameshaaga dunia, baba mdogo anaweza kusimama mahali pake. Inakubalika. Lakini mimi ndiye kifungua mimba, na mzee alitaka kufanya hiyo kazi mwenyewe. Mimi pia nilitaka. Sikutaka mtu mwingine.

Nilikuwa nangoja hisa zipande kidogo ndiyo nijenge vizuri.

Zikashuka.

Mwanzoni nilijikaza. Nikanunua nyingine, nikajisifu kwamba nime-average down, yaani nimeshusha wastani wa bei niliyonunulia. Zikashuka tena. Shilingi inalia, wawekezaji wa kigeni wanauza wanaondoka, simu yangu yote ni nyekundu. Asubuhi bei inaruka juu, kabla ya chai ya saa nne imeanguka. Ukikaa na hiyo kitu mwaka mzima, hata usingizi unakuwa mwepesi.

Sasa mniulize bottom niliijuaje.

Kwanza, miwa ilinifundisha. Bei ya miwa ilipokuwa mbaya, majirani wa karakana waling'oa mashamba yao wakapanda mahindi. Waling'oa kwa hasira, na mizizi yake. Muda si mrefu miwa ikakosekana, na wale wachache waliobaki nayo wakawa wanabembelezwa na wanunuzi hadi mlangoni. Nikaona kwamba mambo hugeuka pale hata mtu mvumilivu ameshika jembe ang'oe.

Nikaanza kutazama group yetu ya hisa kwa jicho hilo. Wale wa kelele walishaondoka zamani. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akituambia kila siku kwamba hisa zake ni za wajukuu. Siku moja akaandika kwamba ameuza zote na amepumzika. Hakuna aliyemjibu. Admin naye, aliyekuwa akituchorea chati kila Jumatatu, akaanza kupost vifaranga wa kuuza.

Halafu ikaja habari mbaya zaidi ya zote kuhusu benki yenyewe. Nikafungua simu nikiwa nimekunja uso, nikingoja kipigo.

Bei haikushuka. Siku iliyofuata vilevile. Habari mbaya zinakuja, bei imekaa tu, kama mgonjwa aliyekataa kufa.

Nikamwambia Mama Otieno, hapa ndipo chini. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika wa kitu chochote.

Lakini wakuu, miwa ile ile iliyonifunza ndiyo ilinibana. Miwa isipokuwepo trela hazitembei, na trela isiyotembea haivunjiki. Karakana ilinyamaza. Akiba niliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na hospitali, kwa sababu miguu ya mzee ilikuwa imevimba na figo zimechoka. Mwishowe daktari alituambia kwa upole tumpeleke nyumbani.

Nilienda kumwona Asumbi. Alikuwa ameketi kwa kiti chake cha kamba nje ya nyumba, shati limekuwa kubwa kwake. Nikamweleza habari ya hisa, kwamba ziko chini kabisa, zinakaribia kupanda, avumilie kidogo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "hiyo pesa yako iko kwa simu. Mimi niko hapa kwa kiti. Sasa wewe unangoja nani?"

Nililia nikiwa njiani kurudi Awendo, na sioni haya kulisema.

Usiku huo Mama Otieno aliniambia neno moja tu. "Baba Otieno, uza."

Nikauza. Zote. Kwa bei niliyojua ni ya chini kabisa, nikijua aliyenunua atacheka. Zilitosha nyumba ya mabati ya vyumba viwili na chakula cha watu waliokuja kusaidia kujenga. Ile nyumba ya tofali niliyoiota iliishia hapo.

Siku yenyewe mzee alikataa kubebwa. Alitembea katikati yangu na mdogo wangu, akipumzika kila mara, na jogoo wangu akipiga kelele kwapani. Alipofika mahali alipopataka, aligonga ardhi na fimbo akasema, "Ka." Hapa. Tukachimba, tukainua nguzo, akaishika kwa mikono miwili hadi udongo ukajazwa. Alikuwa anatetemeka na anatabasamu.

Hakufika mavuno.

Hisa nazo zilianza kupanda hata kabla hatujamaliza matanga. Zimepanda hadi leo. Kuna siku napiga hesabu nikiwa peke yangu karakana na moyo unauma, sitawadanganya. Mzee nilimwahi na pesa niliipoteza, na vyote viwili ni kweli.

Nilichojifunza ni hiki. Mnasoma sana jinsi ya kuijua bottom, na ni vizuri msome. Lakini kuijua hakusaidii kama pesa uliyoweka huko ina mtu anayeingoja. Soko halijui kwamba baba yako ni mgonjwa. Pesa ya boma, ya hospitali, ya karo, iweke mahali pengine hata kama itakua polepole.

Karibuni mchangie. Mniambie mngefanya nini, mnikosoe pia, nimezoea. Wenye wazee ambao bado wanatembea, ningependa sana kuwasikia.

Bei ya leo tu ndiyo msiniandikie. Naijua. Naiangalia kila nikienda nyumbani, nikiwa nimeegemea ile nguzo.