Gari Lisilopata Joto

Pudensiana alianza kuangalia mshale wa mafuta baada ya kumzika mume wake. Kabla ya hapo mafuta yalikuwa mambo ya mume huyo, Sifael. Pudensiana alikaa kushoto, kiti cha abiria, akamenya machungwa na kumlisha dereva wake vipande. Sasa lile gari kubwa la zamani aliliendesha mwenyewe, na kiti cha kushoto alikiwekea mkoba ili kisikae kitupu.

Safari yake ilikuwa moja tu: kila Alhamisi, kutoka Sekei mpaka juu ya Ngaramtoni, kwa dada yake Theresia. Macho ya Theresia yalikuwa yamezima, na kule alikoolewa hakubaki na mtu mwingine wa kuongea naye Kichaga. Njia ya huko ni mawe matupu, na goti la Pudensiana lilishakataa pikipiki. Lakini gari lilikunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi aliyeona birika. Alhamisi zikaanza kurukwa moja moja, mwishowe ikabaki moja kwa mwezi.

"Mama, liuze," binti yake Diana alimwambia kwa simu kutoka Dar. "Mnunuzi nimeshapata. Anakuja Jumamosi."

"Na mama yako mkubwa nitamfikiaje?"

"Utampigia simu."

"Theresia hasikii kwenye simu, Diana. Yeye anasikia akikushika mkono."

"Basi mpe fundi mara ya mwisho. Asipoona kitu, Jumamosi linaondoka."

Mafundi wawili walishabadilisha plagi na chujio la hewa, wakajaza matairi upepo, wakafuta mikono. Safari hii alilipeleka Kimandolu kwa Lesian, ambaye hakuligusa. Alisema lilale pale gereji, wakutane asubuhi likiwa bado la baridi.

Asubuhi mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niambie ukweli tu, usinipambie."

"Hata boneti sijafungua, mama, ukweli nitautoa wapi?" Lesian alicheka. "Haya, washa, halafu njoo ushike hapa."

Alimshikisha mpira mnene wa juu wa rejeta, ule unaopeleka maji ya injini yakapoe. Injini ilikuwa haijanguruma sana, na tayari mpira ulianza kuwa vuguvugu.

"Ulitakiwa ukae baridi kwanza," Lesian alisema. "Injini ikishapata moto ndipo maji yaje huku. Mshale wa joto huwa unafika wapi?"

"Haupandi kabisa," Pudensiana alijibu kwa fahari kidogo. "Gari langu halichemki."

"Na hita?"

"Mbovu. Najifunika blanketi miguuni."

Lesian akashika kiuno. "Hita ni nzima, mama. Gari ndilo halina joto la kukupa. Wametoa themostati, kile kimlango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Sasa injini inatetemeka kwa baridi siku nzima, na ikiwa na baridi inalilia mafuta kama mtoto mchanga anavyolilia ziwa. Nani alikitoa?"

"Marehemu."

"Oo. Pole, mama. Hata mafundi wengi hapa ndiyo dawa yao, gari likichemka tu wanakitoa."

Pudensiana alikumbuka. Walikuwa wanakwenda Machame kula Krismasi, mvuke ukafuka mlimani, naye akaruka nje akipiga kelele. Wiki iliyofuata Sifael alirudi kutoka kwa fundi anatabasamu. "Nimekitoa kidudu chenyewe. Hutaogopa tena, mama Diana." Na kweli hakuogopa tena.

"Nirudishe?" Lesian aliuliza.

"Likichemka je?"

"Rejeta yako imeziba nusu. Hiyo ndiyo ililichemsha. Naisafisha kwanza."

Pudensiana aliushika tena ule mpira, kama mtu anayeombwa ruhusa ya kugawa nguo za marehemu. Kisha akasema, "Rudisha."

Alhamisi alikuwa hajafika Ngaramtoni mshale wa joto ulipoanza kupanda. Ulipofika katikati alisimama kando ya shamba la kahawa, akageuka kushoto kumuuliza Sifael. Mkoba ulikuwa umekaa pale, kimya. Akampigia Lesian.

"Katikati ndiko kwake, mama! Endesha!"

Akaendesha. Joto likaanza kumpulizia miguuni, na mpaka anafika kwa Theresia mshale wa mafuta ulikuwa haujashuka kama ulivyozoea.

Theresia alimshika mikono yote miwili, akasikiliza habari nzima bila kukatiza.

"Kwa hiyo shemeji ndiye alikuwa ananinyima Alhamisi zangu?"

"Ndiye, dada."

"Mjinga yule!" Wakacheka mpaka Theresia akapaliwa na chai. "Wiki ijayo uje tumseme vizuri, leo sijamaliza."

"Nakuja. Alhamisi zote."

Akiwa bado amekaa pale alimpigia Diana. "Mwambie mtu wako asije Jumamosi."

"Kilikuwa nini, mama?"

"Baba yako," alisema. "Nitakueleza siku nyingine."

Jioni alifungua geti mwenyewe, akaingiza gari, akashuka kulifunga geti. Nyumba ilikuwa giza. Akarudi ndani ya gari, akakaa na injini imezimwa, akingoja lile joto liishe.