Shibiri ya Hewa

Fundi bati hakuliamini jiko lolote kabla kiganja chake hakijaliamini. Kila alipomaliza kufunga jiko la kuni, aliwasha moto, akaungoja ukolee, kisha akabandika mkono ukutani karibu na bomba la moshi na kuhesabu hadi sitini. Karakana yake ya kwanza iliungua ikabaki majivu. Tangu hapo hakubishana na mtu; aliuachia mkono uamue.

Leo lilikuwa banda la shemeji yake, seremala. Alipofika kumi na tisa, ukuta ulimchoma, akautoa mkono.

"Niliacha shibiri nzima ya hewa kati ya bomba na mbao, nikafunika kwa bati. Umegusa?"

"Upepo ulikuwa unapenya," shemeji alisema, kifua mbele. "Nikaziba kwa duara la mbao ya mninga, nikalirudisha bati lako. Hata wembe haupiti. Mimi na mapengo wapi na wapi?"

"Mwaga mchanga kwenye moto," fundi alisema kwa sauti ya chini, patasi imeshafika mkononi. Alipong'oa bati, moshi ulimpiga usoni. Ule mninga ulikuwa umekumbatia bomba vizuri ajabu, na wekundu ulikuwa ukitambaa kuelekea ukutani.

Wakautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Seremala aliugeuzageuza.

"Lakini ulikaa, shemeji."

"Ulikaa, na dada yako naye angekaa matanga. Ukuta umeshaonja moto. Chukua msumeno, ulipanue tundu la bomba wewe mwenyewe."

Seremala alipima mara mbili, kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza tangu ashike msumeno, alikata ili vitu visigusane.