Paka Aliyekuwa Akiota Moto

Mke wangu alikuwa na paka mwenye mabaka meusi na meupe, na paka huyo alikuwa na pumu. Mwanzoni hatukujua. Huku kwetu Mbozi kifua kikibana, lawama ya kwanza huenda kwa baridi. Kwa hiyo kila paka alipochuchumaa, akanyoosha shingo na kukohoa, mke wangu alimbeba akamweka karibu na mafiga, chini ya kichanja ambapo mahindi ya mbegu yalikaushwa kwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Palikuwa na joto zuri pale. Paka alizidi kukohoa.

Akaamua kumfukiza, kama alivyotufukiza sisi sote nyumbani. Alichemsha majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, akampakata paka, wakajifunika kitenge kimoja. Nilisikia purukushani humo ndani, kisha paka akachomoka mbio, mke wangu akabaki na mikwaruzo mikononi, anacheka. Nikamwambia mgonjwa wake ametoroka wodini.

Aliyetuelewesha ni bwana mifugo, siku aliyokuja kuchanja ndama wa jirani. Mke wangu alipomwita, alitania kwamba yeye hakusomea wagonjwa wanaolala kwenye kochi. Lakini alipiga magoti, akamsikiliza paka ubavuni kwa muda mrefu. Akasema ni pumu, kama ya watu. Akamchoma sindano, akatuagiza tukanunue vidonge Tunduma, tusije tukaviacha ghafla hata akipata nafuu. Mlingoti aliukataza kabisa, kwani kwa paka ni sumu.

"Na moto, mama," alisema. "Dawa yangu haitaushinda huo moshi."

Mke wangu aliinua macho kwenye kichanja. Kwao mbegu ilining'inizwa juu ya moto tangu kwa bibi yake. Kesho yake nilimkuta juu ya stuli, anateremsha mahindi. Mafiga tukayahamishia kwenye kibanda cha nje, akawa anapika na sweta lake, upepo unampiga.

Vidonge alivisaga, akavichanganya na dagaa. Ila dawa yake mwenyewe hakuiacha. Paka alipoanza kuhema, alizima redio, akakaa chini, akampapasa mgongo taratibu huku akimwimbia wimbo wa Kinyiha wa kubembelezea watoto, mpaka mbavu zitulie. Bwana mifugo alisema hiyo aendelee nayo, maana paka akiingiwa na hofu huhema zaidi.

Mke wangu alifariki mwaka jana, msimu wa baridi. Nyumba ilijaa watu. Akina mama waliokaa msibani walisikia baridi, wakawasha moto jikoni, pale pale pa zamani. Mimi nilikuwa uani na wanaume. Nilipokisikia kile kikohozi niliinuka katikati ya mazungumzo. Nilimkuta paka amejikunyata mahali alipokuwa akiota moto zamani, mdomo wazi, ulimi umeanza kubadilika rangi.

Nilimtoa nje, nikaomba mtu ampigie bwana mifugo. Nikakaa chini ukutani, nikampapasa mgongo, nikajaribu kuuimba ule wimbo. Nilijua mwanzo wake tu. Dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Msangano, alikuwa amenifuata. Akakaa kando yangu, akaendelea pale niliponyamaza. Sauti yao ni moja.

Paka alipopumua kidogo, dada huyo akaniuliza, "Shemeji, moto tuutoe?"

"Utoeni."

Wakautoa kwa koleo, kaa baada ya kaa. Bwana mifugo alipofika na sindano yake, akina mama wote walikuwa uani wamejifunika mablanketi, na hakuna aliyelalamika.

Paka yupo. Vidonge nasaga mimi. Ukuta wa jikoni bado una masizi, sijaupaka chokaa. Shemeji hunipigia simu, na kabla hajaniuliza habari zangu huuliza kama mgonjwa anapumua. Namwekea simu ubavuni mwa paka asikilize mwenyewe.