Moto wa Kuomba

Nilitoka kwetu Dutumi nikaolewa Kisarawe, enzi za Mwingereza, simjui mtu ila mume wangu na mama yake. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane, wanawe wote wameteremkia mjini kutafuta kazi. Kila asubuhi alikuja na kigae chake kuomba moto. Kuchota kaa la moto si kazi, lakini yeye alikaa mpaka jua linachoma. Anakunywa uji wetu, anausema hauna chumvi, anacheka. Akija kuinuka, kaa limeshakuwa jivu, anachukua jingine.

Basi mwanawe mmoja akaja kumwona, akamletea vibiriti, paketi nzima. Akajisifu kwetu: "Mama yangu hatahangaika tena na moto wa watu."

Kweli hakuhangaika. Hakuja tena. Ataombaje moto, na kila mtu ameviona vibiriti? Ikawa moshi kwake hauonekani mpaka mchana, siku nyingine hauonekani kabisa. Nilimpelekea mihogo, nikakuta ya juzi iko palepale, imeota ukungu. Amekonda, shingo kama ya kuku. Niliogopa atatufia.

Nikamwambia mama mkwe. Alichota maji akayamwaga jikoni, moto wetu ukazimika, jivu likaturukia machoni. Akanipa kigae. "Nenda kwa bibi ukaombe moto. Na usirudi haraka."

Nikaenda. "Shikamoo, bibi. Moto wetu umezimika."

"Marahaba." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mmelala kama magogo. Huyo mama mkwe wako mvivu tangu usichana wake. Kaa hapo, niwashe."

Akawasha. Na moto ukishawaka, mtu hauachi bure, huteleka chungu. Tukala.

Ikawa kila asubuhi mama mkwe anamwaga maji, nami naenda. Mimi niliyekuwa nalia kwa kuikumbuka Dutumi, nikapata mama mwingine. Wanangu wote aliwapokea yeye kwa mikono yake. Na nyinyi wajukuu zangu mnaosema bibi ana ulimi mkali, mjue nimeutoa wapi. Nikiswali, nawaombea wale wanawake wote wawili.

Siku moja yule bibi aliniwekea kaa kwenye kigae, akasema bila kunitazama: "Mwambie mama mkwe wako maji aliyomwaga yanatosha, mafiga yatampasukia. Mje tu."

Nikaufikisha ujumbe. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake tulikwenda wote wawili, mikono mitupu.