Mchezo wa Kuona

Juzi kijana mmoja alinipigia simu. Anaandika historia ya chama chetu cha vijana cha kupiga kambi kule Garissa, na ameambiwa mimi ni miongoni mwa wazee waliobaki. Nikamsimulia nyimbo zetu, mahema yaliyotuangukia, na mwalimu aliyepuliza filimbi alfajiri kana kwamba sote tulikuwa viziwi. Alicheka sana, akashukuru. Habari ya ngamia sikumwambia. Wewe nitakuambia, ndugu yangu, maana nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga. Baba yangu alikuwa karani, amehamishiwa huko kutoka Nyeri. Kambi yetu ya wavulana haikwenda tena porini. Tulipiga mahema nyuma ya shule, karibu na Mto Tana, malori ya jeshi yakinguruma barabarani kutwa nzima. Tulichota maji huku mmoja akiwachunga mamba kwa macho, tukapika maharagwe yaliyokataa kuiva, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu tamu ya moshi. Maziwa hayo aliyaleta bibi ya rafiki yangu, mama mrefu, mkavu, aliyetuita sote watoto wake. Rafiki yangu alikuwa Msomali, nami nililala naye hema moja.

Kila jioni mwalimu alituketisha tucheze mchezo wa kuona. Kila mmoja alieleza kitu alichokiona siku hiyo ambacho wenzake hawakukiona, na mshindi ndiye aliyepandisha bendera kesho yake. Rafiki yangu alishinda karibu kila siku. Mimi, hata mara moja. Nilimwonea wivu, nikamsumbua anifundishe, naye hakuwa mchoyo. Alinionyesha nyayo: huyu fisi, huyu mbuzi, huyu ngamia amebeba mzigo, tazama alivyokanyaga.

Mchana mmoja, tukitafuta kuni, aliinama juu ya nyayo zilizoingia kwenye kichaka kinene kando ya mto.

"Hii ni ngamia ya ayeeyo," akasema, yaani ya bibi yake. "Hii moja mguu ya nyuma nafuta, tazama mstari kwa mchanga. Wewe nyamaza, sawa?"

Nikasema sawa. Nilijua sababu. Serikali ilikuwa imeamuru mifugo yote ikae karibu na kijiji kilichozungushiwa waya, na iliyokutwa nje ilichukuliwa. Bibi alikuwa na ngamia sita, basi. Hakuwa na kingine cha kulisha watu wake.

Jioni hiyo tulikuwa na mgeni, afisa mmoja wa serikali, ameketi kwenye kiti cha mwalimu akinywa chai yetu. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, alisema hakuona kitu. Yeye! Basi nikajua leo ni yangu. Nikasimama, nikaeleza nyayo, idadi yake, yule anayeburuta mguu, na kichaka chenyewe. Nilieleza vizuri mno. Afisa akapiga makofi, na wengine wakamfuata. Usinitetee kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua nilichokuwa nikisema, ila wakati ule niliitaka bendera kuliko kitu chochote duniani.

Asubuhi niliipandisha. Haukupita muda, askari wakawapitisha ngamia sita barabarani, mmoja akichechemea nyuma.

Siku hizi kichaka kile kimefyekwa, yamejengwa maduka. Chai yenye harufu ile nimeitafuta mjini nikaikosa, na wale tuliolala nao hemani wengi wametangulia. Naona aibu kwa ngamia wale, sikufichi. Lakini aibu inayoniamsha iko kwingine.

Siku ileile, saa nne, bibi alikuja kumchukua mjukuu wake. Mikono yake ilikuwa mitupu. Hakupiga kelele wala hakutukana mtu. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishika kidevu taratibu.

"Mtoto yangu," akasema, "nani nafundisha wewe kuona fizuri hifi?"

Ningeweza kumtaja mwalimu. Ningeweza kulia tu, watoto hulia. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando, blanketi lake begani, ananitazama.

Nikainua kidole, nikamwonyesha yeye.